Juu ya Dawa za Kichina na Ugonjwa wa Baridi Yabisi

Somo kwa walimu, wainjilisti na wazee wa sharika. Lisomwe pamoja na 2 Wafalme 20:1–7.



Katika sharika za Pwani, tangu Kunduchi na Bunju hata Bagamoyo na vijiji vya nyuma yake, kuna swali ambalo mwalimu huulizwa mlangoni baada ya ibada, wala si darasani: Je, Mkristo aliyeshikwa na ugonjwa wa viungo usiokwisha aweza kunywa dawa za mizizi za Wachina? Wako wanaojibu upesi kwamba huo ni uganga wa watu wasiomjua Mungu, usiguswe. Wako na wengine wanaojibu upesi vilevile kwamba hayo ni majani tu, na majani hayamdhuru mtu. Sisi twaona majibu yote mawili yametolewa kabla ya swali kuchunguzwa. Katika somo hili twataka kulichunguza.

Na tuanze na mfalme Hezekia. Alikuwa na jipu, naye alikuwa katika hali ya kufa. Akaomba kwa machozi, na Bwana akamwahidia kwa kinywa cha nabii Isaya kwamba ataongezewa miaka 15. Ahadi ilikwisha kutolewa. Walakini nabii yuleyule akaagiza ziletwe tini zilizopondwa, zikawekwa juu ya jipu. Mwalimu na alitazame sana neno hili, maana hapa sala na dawa zimekaa katika chumba kimoja pasipo ugomvi. Luther naye, alipoandika juu ya tauni mwaka 1527, alisema kwamba yeye angemwomba Mungu, na kisha angefukiza nyumba, na kutoa dawa, na kuzinywa. Basi kwetu haliko swali kama dawa ya mimea ni halali. Swali ni kama dawa hii iliyo mkononi ni dawa kweli, na kama itamfaa mgonjwa huyu.

Sasa ugonjwa wenyewe. Wazee wetu waliuita baridi yabisi, maana viungo hukakamaa asubuhi kama mti mkavu. Walakini baridi siyo inayouleta. Mungu ameweka ndani ya damu yetu walinzi, ambao kazi yao ni kuwaua wadudu wa maradhi. Kwa watu wengine walinzi hawa hukosa kumtambua mwenye nyumba, wakaanza kumpiga yeye mwenyewe. Wakivipiga viungo vya vidole na vifundo vya mikono, ndiyo baridi yabisi: mikono yote miwili huvimba, na asubuhi mgonjwa hukaa saa nzima au zaidi asiweze kufunga kanga yake. Wakiipiga ngozi, mafigo na damu, ugonjwa huitwa lupasi. Huwapata hasa wanawake vijana, nao huwa na upele juu ya mashavu na pua unaochochewa na jua, uchovu mwingi, na miguu kuvimba mafigo yanapoharibika. Maradhi haya hayaambukizi, wala si ya kulogwa, wala si adhabu ya dhambi ya siri. Tena si kila maumivu ya viungo ni haya. Liko jongo, kuna kuchakaa kwa magoti kwa ajili ya uzee, na iko homa ya chikungunya, ambayo ilipata jina lake katika lugha ya Kimakonde ilipozuka huko kusini mwaka 1952 hata 1953, nayo yaweza kumwacha mtu akiumwa viungo kwa miezi. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kupimwa.

Hapa twafika penye jambo ambalo twapenda kila mwalimu alishike. Maradhi haya hupanda na kushuka yenyewe, kama maji ya bahari. Mtu wa Mbegani au wa Kaole ajua kwamba maji yakijaa sana wakati wa bamvua hayatakaa hapo. Yatakupwa, hata kama hakuna mtu aliyeyaamuru. Basi mgonjwa huenda lini kutafuta dawa mpya? Haendi siku ya maji kupwa. Huenda siku ambayo maumivu yamejaa kabisa, hata hawezi kushika ufagio. Hapo hununua chupa, akanywa majuma mawili au matatu, na maumivu yakashuka. Ndipo asemapo kwa moyo safi, "Dawa hii imeniponya." Yamkini imempa nafuu. Yamkini maji yalikuwa yakipwa. Yeye mwenyewe hawezi kujua, wala jirani yake hawezi, wala mwuza dawa hawezi, ajapokuwa mtu mwaminifu.

Neno hili ni gumu kwetu sisi watu wa Kanisa, maana tumezoea kuheshimu ushuhuda. Mtu akishuhudia neema aliyoipata, twampokea, kwa kuwa yeye ndiye aujuaye moyo wake. Lakini ushuhuda juu ya dawa ni wa namna nyingine: husema kwamba kitu hiki ndicho kilichokileta kile, na jambo hilo halionekani kwa macho ya mtu mmoja. Mwaka 2011 Watanzania wengi, na Walutheri wengi miongoni mwao, walikwenda Samunge katika Loliondo kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500. Magari yalijipanga kilomita nyingi, na shuhuda zilikuwa nyingi kama hayo magari. Wako waliorudi nyumbani wakaacha vidonge vyao vya Ukimwi kwa kuziamini shuhuda hizo, na ugonjwa ulikuwa bado umo mwilini. Hatuandiki haya ili kumhukumu mzee yule, ambaye alifariki mwaka 2021. Twataka kuonyesha kwamba watu wa kweli elfu moja waweza kusema waliyoyaona, na bado dawa isiwe dawa.

Je, itajulikanaje basi? Watu wa Bagamoyo hawana haja ya kusafiri mbali kujifunza haya. Tangu mwaka 2009 hata 2014 chanjo ya malaria iitwayo RTS,S ilijaribiwa katika nchi saba za Afrika kwa watoto 15,459, na katika Tanzania mahali pake palikuwa Korogwe na Bagamoyo, chini ya mikono ya wataalamu wetu; huko Bagamoyo walikuwa wa Taasisi ya Afya Ifakara. Wazazi walielezwa kwanza, wakakubali kwa hiari. Kisha ikapigwa kura: mtoto huyu apate chanjo mpya, na yule apate chanjo nyingine, kama ile ya kichaa cha mbwa. Mama hakuambiwa mtoto wake yuko upande gani, wala tabibu aliyempima hakuambiwa. Ndipo homa zikahesabiwa miaka kadha wa kadha. Faida ya kura ni hii: wale ambao maji yao yangekupwa yenyewe huangukia pande zote mbili sawasawa, basi tofauti ikionekana, haina budi kuwa imeletwa na dawa. Ilionekana kwamba kwa watoto waliokuwa na umri wa miezi 5 hata 17, waliopewa chanjo mara nne, malaria ilipungua kwa 36 katika kila 100. Hesabu hii si kubwa ya kushangaza. Lakini ni ya kweli, na kwa ukweli wake Shirika la Afya la Dunia liliikubali chanjo hiyo mwaka 2021. Mama wa Bagamoyo aliyempeleka mtoto wake katika kazi ile ajua kupima dawa kuliko watu wengi waliosoma.

Tukiwa na kipimo hicho, na tuziendee dawa za Wachina.

Wachina si wageni wa jana katika pwani hii. Katika makaburi ya nguzo ya Kunduchi na Kaole vilitiwa vyombo vya udongo vya Kichina kuwa pambo, karne nyingi kabla ya meli za Wazungu wa misheni. Waganga wao wa serikali walifika Unguja mwaka 1964, na Tanganyika, ambayo wakati huo ilikwisha kuwa Tanzania Bara, mwaka 1968. Tangu 1987 wataalamu wa dawa za jadi za Uchina walifanya kazi Muhimbili, wakichunguza kama dawa zao zaweza kuwasaidia wagonjwa wa Ukimwi. Kisha katika miaka ya 1990 vikaenea vyumba vya matibabu vya watu binafsi katika Dar es Salaam. Hivyo mtu anaposema "dawa ya Kichina" aweza kuwa anataja vitu vinavyotofautiana kama mchana na usiku: kazi ya wataalamu waliotumwa na dola, au unga katika karatasi ulionunuliwa sokoni kwa mtu asiyejua hata kusoma maandiko yaliyo juu yake.

Wala haifai kuidharau elimu hiyo. Mwaka 1967 serikali ya Uchina iliwaagiza wataalamu watafute dawa ya malaria, na mmoja wao alikuwa mama mmoja, Tu Youyou. Alivisoma vitabu vya kale, akaona katika kitabu cha karne ya nne habari za mmea uitwao qinghao. Waliuchemsha mmea huo, na nguvu yake haikuonekana sawasawa. Akarudi kukisoma kitabu, akatambua kwamba yule mwandishi wa kale hakuuchemsha, bali aliuloweka katika maji na kuukamua. Moto ndio ulioiharibu dawa! Mwaka 1971 akaitoa kwa namna isiyohitaji moto mkali, ikawaponya wanyama. Mwaka 1972 aliinywa yeye mwenyewe kwanza kabla ya kuwapa wagonjwa. Dawa hiyo ni artemisinini. Tanzania iliiacha klorokwini mwaka 2001, na mwishoni mwa mwaka 2006 ikaipokea dawa ya mseto, ALu, ambayo nusu yake imetoka katika mmea ule. Nayo ilipimwa kwa watoto wetu katika zahanati ya Fukayosi, wilaya ya Bagamoyo. Tu Youyou alipewa tuzo ya Nobel mwaka 2015. Kwa hiyo mwalimu asiseme kanisani kwamba mimea ya Wachina ni upuzi, maana watoto walioketi mbele yake huenda wako hai kwa ajili ya mmea mmoja wa Kichina. Lakini na aseme pia kwamba mmea ule haukuaminiwa kwa sababu ni wa kale, wala kwa sababu ni wa Kichina. Uliaminiwa ulipokwisha kupimwa, na kiasi chake kikajulikana.

Je, katika baridi yabisi uko mmea wa namna hiyo? Upo mmoja unaokaribia. Wachina huuita lei gong teng, yaani mmea utambaao wa mungu wa radi. Jina lisimtishe mtu. Wamisheni wa Kijerumani waliotuletea Injili waliiita Alhamisi siku ya ngurumo, Donnerstag, kwa kufuata mungu wa kale wa wazee wao, wala hatukusikia kwamba waliacha kuhubiri siku hiyo. Tabia ya mmea huo ndiyo ya kuangaliwa, maana una sumu kweli. Zamani wakulima wa Uchina waliutumia kuua wadudu wa shambani. Majani yake na ganda la mzizi vyaweza kuua mtu. Mizizi iliyomenywa, ikitengenezwa na wajuzi, huwatuliza wale walinzi waliomgeukia mwenye nyumba.

Nao umepimwa kwa kura. Mwaka 2009 zilichapwa habari za jaribio lililofanywa Marekani kwa wagonjwa 121 wa baridi yabisi, na waliopewa dawa ya mzizi huo walipata nafuu kuliko waliopewa kidonge kimoja cha hospitali kiitwacho salfasalazini. Walakini watu wengi wa pande zote mbili walijitoa kabla ya majuma 24 kutimia, na jambo hilo hupunguza nguvu ya habari. Mwaka 2015 Wachina wakachapa jaribio la wagonjwa 207. Kundi moja lilipewa methotreksati, ambayo ni dawa ya hospitali, kundi la pili mzizi, na kundi la tatu vyote viwili. Waliopata nafuu ya nusu au zaidi walikuwa 46 katika 100 kwa methotreksati peke yake, 55 kwa mzizi peke yake, na 77 kwa vyote pamoja. Twaomba msomaji asimame hapa kidogo. Wachina wenyewe, katika nchi ya mmea huo, hawakumwambia mgonjwa atupe vidonge vya hospitali. Waliopona zaidi ni wale waliokunywa vyote, chini ya jicho la tabibu, damu yao ikipimwa mara kwa mara. Anayekuja kijijini akisema, "Acha vidonge vya hospitali ili dawa yangu ifanye kazi," huyo hafuati elimu ya Wachina hata kidogo.

Hatari za mzizi huo lazima zitajwe wazi, hata kama ni mambo ya faragha. Huweza kukomesha hedhi ya mwanamke, pengine isirudi tena. Huharibu mbegu za mwanamume. Huweza kudhuru ini, mafigo na damu. Binti anayetazamia kuolewa na kuzaa haimfai kuupewa pasipo kuambiwa hayo. Na mwenye mimba asiuguse kabisa, kama vile asivyopaswa kuigusa methotreksati.

Hayo ni madhara ya dawa iliyo ndiyo. Kuna na madhara ya dawa isiyo ndiyo. Katika miaka ya 1990 wanawake wa Brussels, Ubelgiji, walipewa vidonge vya kupunguza unene vilivyotiwa mizizi ya Kichina. Mzizi uliotakiwa uliitwa fangji, ambao Wachina huutumia kwa uvimbe na maumivu ya viungo. Lakini mimea miwili huitwa kwa jina linalofanana, na katika kufungasha ulitiwa ule mwingine. Mafigo ya wanawake wengi yakafa, na baadaye kansa ikaonekana katika njia za mkojo. Kati ya wagonjwa 39 waliotolewa mafigo hayo yaliyokufa, 18 walikuwa na kansa. Hapakuwa na mchawi hapo, wala hatujasikia kwamba palikuwa na mtu mwenye nia mbaya. Yalikuwa majina mawili yanayofanana tu. Sisi ambao kijiji kimoja huita mti jina hili, na kijiji cha pili huliita mti mwingine jina lilo hilo, twaielewa hatari hiyo vizuri.

Iko na hila. Wauzaji wengine, na si Wachina peke yao, huchanganya katika unga wa mizizi dawa kali za kizungu kama prednisoloni, bila kusema. Mgonjwa hunywa jioni, na siku ya pili aweza kucheza ngoma. Mwalimu akisikia habari ya dawa ya viungo iliyoponya kwa siku moja au mbili, asifurahi mapema. Baada ya miezi uso wa mgonjwa huwa mviringo kama mwezi, sukari na shinikizo la damu hupanda, mifupa hudhoofika. Na tena akikosa fedha akaiacha ghafula, mwili ambao umezoea dawa hiyo huweza kuanguka, hata kufa. Kwa hiyo aliyekwisha kunywa unga wa namna hiyo kwa muda mrefu asiamriwe kuutupa siku hiyohiyo. Apelekwe hospitali kwanza, pamoja na unga wake.

Hapa pengine msomaji atauliza kama dawa za hospitali zenyewe ni safi. Hapana, nazo zina madhara. Methotreksati hunywewa mara moja tu kwa juma katika ugonjwa huu, na watu wamekufa kwa kuinywa kila siku kwa kutosikia vema. Mwalimu ajuaye kusoma aweza kuandika siku hiyo katika karatasi na kuibandika ukutani. Tena iko dawa moja ya lupasi na baridi yabisi ambayo wazee wetu wataitambua ndugu yake. Klorokwini, ile chungu iliyowawasha watu mwili mzima, ina ndugu aitwaye haidroksiklorokwini. Wakati wa vita vya pili vya dunia askari waliokuwa wakinywa dawa za malaria waliona upele wao na maumivu ya viungo yakipungua. Waganga wakafuatilia, wakapima, na leo ndiyo dawa ambayo mgonjwa wa lupasi hukaa nayo miaka mingi. Wachina nao wameanza kuijaribu dawa itokanayo na qinghao kwa wagonjwa wa lupasi. Lakini kujaribiwa si kuthibitishwa, na chai ya majani hayo inayouzwa kwa ajili ya lupasi haina msimamo wowote. Hata kwa malaria, Shirika la Afya la Dunia halikubali chai hiyo.

Na tuseme basi mama mmoja wa Zinga au Kerege amekuja akinong'ona, "Bwana asifiwe, Mwalimu. Nina neno. Vidonge vya hospitali nimeviacha, sasa nanywa ya Mchina." Mwalimu asimkemee. Wengi huficha kwa sababu waliwahi kukemewa mahali fulani, na anayeficha ndiye anayekufa. Amjibu, "Amina, mama. Umefanya vema kuniambia. Chupa iko wapi, na kadi yako ya hospitali iko wapi?" Kisha amwulize aliyemwuzia ni nani. Sheria ya mwaka 2002 ya tiba asili na tiba mbadala humtaka kila mtoa tiba wa namna hiyo aandikishwe na Baraza, naye mwenye cheti hatachukia kukionyesha. Kuandikishwa hakuthibitishi kwamba dawa yaponya, lakini mtu aliyeandikishwa aweza kupatikana mambo yakiharibika.

Tena mwalimu asimwambie mama huyo kwamba imani yake ni haba kwa kuwa hajapona. Yule mwanamke wa Marko 5 alikuwa ametumia mali yake yote kwa matabibu muda wa miaka 12, na Bwana hakumlaumu kwa kuwaendea. Alimwita binti. Maradhi haya kwa wengi hutulizwa tu, hayaondoki, na mgonjwa ahitaji usharika utakaomvumilia mwaka wa kumi kama ulivyomvumilia mwaka wa kwanza. Mara nyingi kilichompeleka kwenye chupa si upinzani wa imani, ni nauli. Mwuza dawa yuko karibu na nyumba. Kliniki kubwa iko Muhimbili. Wazee wa usharika na wakae, waangalie sanduku la diakonia kama laweza kulipa nauli ya kwenda na kurudi katika siku zake za kliniki, na mmoja wao, afadhali mama mtu mzima, aende naye, akiwa amebeba ile chupa mkobani ili tabibu aione.